Sembe Ina Bei, Dona Ina Nyuzi: Hesabu ya Mlo Katika Maduka ya Bagamoyo

Ukitoka Tegeta kuelekea kaskazini, ukapita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi kuingia Bagamoyo mjini, jambo moja katika maduka ya nafaka halibadiliki sana. Sembe imewekwa mbele, mdomo wa gunia umefunguliwa na kopo la kupimia limechomekwa juu yake. Dona iko nyuma, karibu na magunia ya pumba, na mara nyingine lazima uiulizie. Bei nayo imefuata mpangilio huo huo: sembe juu, dona chini.

Kwa mtu wa biashara hakuna ajabu hapo. Mahindi ya sembe yamekobolewa kisha yakasagwa, na kila hatua ya mashine ina gharama yake. Lakini wiki hii safu hii inaacha kando kwa muda bei za korosho na ufuta ili kuuliza swali ambalo mnunuzi haulizi: ni kitu gani hasa anacholipia anapoongeza fedha ili apate unga mweupe zaidi?

Tulipoingia katika duka moja lisilo mbali na soko la Bagamoyo, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo mzee. Dona ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo. Kwani wameshakuambia una sukari?"

Jibu hilo lina taarifa nzima ya soko ndani yake. Katika fikra za wateja wengi wa Pwani na Dar es Salaam, dona ni chakula cha shule za bweni, cha kambini, cha gerezani, na sasa cha mgonjwa aliyekwisha kuandikiwa na daktari. Mtu mzima mwenye fedha zake hula sembe. Mgeni akija, sembe au wali. Dona inarudi mezani siku majibu ya maabara yanapotoka.

Hesabu ya mashine

Gunia la mahindi la kilo 100 likisagwa dona, karibu kilo zote zinarudi kwa mwenyewe kama unga, ukiondoa uchafu na kinachopeperuka. Likikobolewa kwanza, sembe hutoka kilo 70 hadi 80 hivi, kutegemea weupe anaoutaka mteja. Kilo 20 au 30 zinazobaki ni pumba. Ndani ya pumba hizo mna ganda la punje na kiini chake, yaani sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta, vitamini za kundi B na madini. Pumba zinafungwa katika viroba na kuuzwa kwa wafugaji. Kwa hiyo kuku wa mayai katika viunga vya Dar es Salaam anakula sehemu bora ya hindi kuliko mwenye kuku.

Kwa vipimo, gramu 100 za unga wa dona zina nyuzinyuzi gramu 7 hivi. Sembe iliyokobolewa vizuri ina nusu yake au pungufu. Wali mweupe ni mbaya zaidi: gramu 100 za wali uliopikwa hazifikishi hata nusu gramu. Na samaki, ambaye ndiye fahari ya Bagamoyo, ana kila jema isipokuwa nyuzi. Hana hata moja.

Serikali ililigusa tatizo hili kwa upande mmoja. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasindikaji wakubwa kurudisha virutubishi katika unga wa mahindi na wa ngano, kama vile madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Ni hatua ya maana. Lakini nyuzinyuzi hazimo katika orodha hiyo. Zikishakwenda kwa kuku, hazirudi.

Nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita pia makapimlo, ni sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Zamani ilidhaniwa kuwa ni takataka tu inayopita. Sivyo. Aina moja hulainika na kuwa ute, kama unavyoona katika bamia. Ute huo huchelewesha sukari kuingia katika damu, na hubeba sehemu ya nyongo kwenda nayo nje, hivyo ini hulazimika kuchukua lehemu iliyo katika damu ili kutengeneza nyongo nyingine. Aina ya pili haiyeyuki. Kazi yake ni kushika maji na kufanya choo kiwe kikubwa na laini. Sehemu nyingine huliwa na bakteria wanaoishi katika utumbo mpana, nao hutoa asidi zinazoulisha ukuta wa utumbo wenyewe na kutuliza uvimbe mwilini.

Habari ilianzia jirani

Msomaji anaweza kudhani haya ni maneno ya Ulaya, yaliyotungwa kwa watu walioshiba sana. La. Sehemu kubwa ya habari hii ilianzia Kampala.

Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929, alifanya kazi Kenya na kisha Uganda kwa karibu miaka 30. Kilichomshangaza ni magonjwa ambayo hakuyaona wodini. Wagonjwa wa malaria, kifua kikuu na utapiamlo walijaa, lakini kuziba kwa mishipa ya moyo, vijiwe vya nyongo na kuvimba kwa kidole tumbo vilikuwa vitu adimu kwa Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la kitabibu habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja, na ilistahili kuchapishwa! Leo hospitali yoyote ya mkoa inao kila wiki.

Mwenzake wa Kampala, Denis Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kupewa saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Aliporudi Uingereza katika miaka ya 1960 aliendelea kuuliza swali la Trowell. Msomaji anisamehe kwa kuleta mambo ya chooni katika ukurasa wa biashara, lakini Burkitt aliyafanya kuwa sayansi. Katika makala yaliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 1972, yeye na wenzake walilinganisha wanavijiji wa Uganda na Waingereza. Kwa wanavijiji, chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi na choo cha siku kilizidi gramu 400. Kwa Waingereza wa jeshi la majini na wake zao, kilichukua zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa gramu 100 hivi.

Burkitt alisema tofauti ni nyuzinyuzi. Kwa maoni ya safu hii alikwenda mbali kidogo, maana mwanakijiji yule pia alitembea kwa miguu, alilima, hakuvuta sigara za pakiti wala kunywa soda. Na si wengi waliofikia umri ambao moyo huanza kusumbua. Lakini miaka iliyofuata haikumwangusha. Mwaka 2019 Lancet ilichapisha majumuisho ya tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka na majaribio 58 ya kitabibu. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula kidogo, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30, na ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana vilipungua vile vile. Kiasi kilichoonekana kufaa kilikuwa gramu 25 hadi 29 kwa siku. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linataka mtu mzima apate angalau gramu 25.

Hapa nyumbani takwimu zinakwenda upande mmoja tu. Mwaka 1989 Dk. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha upimaji wao wa vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2000 yalitoka matokeo yaliyolinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro: Ilala walikaribia 6 katika 100, Shari hawakufika 2. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1. Vipimo na umri wa waliopimwa havikuwa sawa katika kazi hizi tatu, kwa hiyo mtu asizichore kwenye mstari mmoja kama bei ya hisa. Hata hivyo hakuna atakayesema tunashuka.

Ushahidi wa karibuni umetoka Moshi. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa kazi ya watafiti wa Tanzania na Uholanzi waliowachukua vijana 77 wa kiume wenye afya, wa kaskazini mwa nchi. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye kunde, ndizi, mboga na nafaka nzima, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu: mkate mweupe, soseji, chipsi. Waliozoea chakula cha mjini walipewa cha asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Baada ya wiki mbili tu, damu ya waliohamia kwenye chipsi ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kupanda, na chembe za kinga zilijibu vijidudu kwa ulegevu. Waliorudi kwenye chakula cha asili walipata kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwapo bado wiki nne baadaye. Ni watu wachache, wote wanaume vijana. Lakini wiki mbili!

Sahani ya mfanyabiashara

Sasa tuangalie mlo wa msomaji wa ukurasa huu. Asubuhi kabla ya kufungua duka, chai ya rangi na maandazi matatu. Mchana, wali na samaki wa kukaanga kwa mama lishe, mboga kijiko kimoja cha mapambo. Jioni kaunta imefungwa, mtu amechoka, chipsi mayai na soda. Siku nzima amekaa juu ya stuli. Nyuzinyuzi za siku hiyo hazifikii hata gramu 15. Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, na kwa mwenye duka dogo asiye na bima ya maana, wiki mbili za kulazwa ni mtaji wa mwaka.

Badala yake, chukua gramu 150 za unga wa dona: gramu 11. Kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa: gramu 11 nyingine. Mchicha au tembele, gramu 2. Pera moja, gramu 3. Jumla ni 27, na hujagusa kifungua kinywa. Hakuna kitu hapo kilichotoka nje ya nchi, na mlo huo ni rahisi kuliko chipsi mayai.

Watu wa Pwani, kwa kweli, hawahitaji kufundishwa sana. Mbaazi za nazi asubuhi ni mlo ambao mtaalamu wa lishe angeuandika mwenyewe, ilimradi tui lisizidi. Muhogo wa kuchemsha, maboga, kisamvu, choroko, tende za futari, vyote hivi vimo. Kilichoharibika ni mgawanyo: mbaazi zimekuwa kitoweo cha pembeni na andazi limekuwa chakula chenyewe. Hata nazi tunaila kinyume. Nyuzi zimo katika nyama ya nazi. Tunakamua tui lenye mafuta na chicha tunawapa kuku. (Kuku tena!) Chicha kidogo ikirudishwa katika vitumbua au mikate ya kumimina haiharibu ladha.

Mananasi ya Kiwangwa ni mfano mwingine. Mtu akila kipande anapata nyuzi zake, japo si nyingi. Akikamua, akachuja na kutia sukari, amebakiza maji matamu. Vivyo hivyo kwa chungwa: tunda zima lina gramu 2 na kitu kwa kila gramu 100, juisi iliyochujwa haina hata nusu gramu. Ubuyu, kwa upande wake, ni tajiri sana wa nyuzi, na Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wake kuingia katika soko lake mwaka 2008. Sisi tunauchemsha na sukari na rangi nyekundu.

Tahadhari mbili kwa anayetaka kubadili mlo. Asianze kwa pupa, kwani tumbo lililozoea mkate mweupe litajaa gesi. Aongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na anywe maji ya kutosha. Na anayetumia dawa za kisukari amweleze daktari wake kwanza, maana sukari ikishuka na dozi ikabaki ile ile, anaweza kuanguka.

Anayetaka kuuza dona

Baadhi ya wasomaji watakuwa wameshaanza kupiga hesabu: kama dona ni afya, kwa nini isifungwe katika mifuko mizuri na kuuzwa kwa bei ya sembe? Inawezekana, na katika maduka makubwa ya Dar es Salaam jambo hilo limeanza. Lakini hapa ndipo penye mtego, nasi tusingependa mtu aingie kichwa kichwa.

Kwanza, dona haikai. Kiini cha punje kina mafuta, na mafuta hayo yakisagwa huchacha, hasa katika joto na unyevu wa Pwani. Anayenunua akiba ya miezi mitatu ataishia kuwapa kuku.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, kuna sumukuvu. Ukungu unaozalisha sumu hii huota katika mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa bila kukauka vizuri, na sumu haifi kwa kupikwa. Sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini, yaani pale pale penye nyuzi. Kukoboa huipunguza; dona huibeba yote. Mwaka 2016 sumukuvu iliwapata watu 68 katikati ya nchi, mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walikufa. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi ghafla, lakini anajiweka katika hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe.

Soko nalo limeshatoa adhabu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache, liliondolewa kwa masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi mengi yanayosagwa Bagamoyo hayalimwi Bagamoyo. Yanatoka bara, kupitia masoko kama Kibaigwa. Mnunuzi wa jumla awe na kipima unyevu, achambue punje zilizooza na zilizotobolewa na dumuzi, na atumie magunia yasiyopitisha hewa. Gharama hizo ndizo zinazohalalisha bei ya juu ya dona. Mfuko mzuri peke yake hauhalalishi.

Mikunde haina tatizo la kuchacha, lakini ina lake. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei kwa mkulima wa Tanzania ikaporomoka vibaya. India ilifungua tena mwaka 2021. Katika miaka yote hiyo, nchi iliyojaa mbaazi zisizo na mnunuzi iliendelea kula maandazi ya ngano, ambayo sehemu kubwa yake hutoka nje. Safu hii haijawahi kuelewa kwa nini mnunuzi wa pili wa mbaazi zetu asiwe Mbagala, Tandale na Bagamoyo yenyewe.

Tulirudi kwa mzee wa dukani tukiwa na swali moja: kwa nini gunia lake la dona ni dogo namna ile?

"Sisagi nyingi, mwanangu," alisema. "Nachambua mahindi mwenyewe, nasaga ya wiki moja. Ikifika Ijumaa imekwisha, Jumamosi napeleka mengine mashineni."

Akatupimia kilo mbili. Tulipouliza yeye na familia yake wanakula unga gani, alicheka.

"Mke wangu anataka sembe. Mimi nakula dona tangu mwaka juzi." Akafunga mfuko, akahesabu chenji. "Waliniambia nina sukari."